Mnasea na Mpiga Nyundo wa Megalopoli

Mnasea alizaliwa Mesene, chini ya mlima Ithome, katika nyumba iliyopakana na karakana ya sarafu ya mji. Watoto wa majirani walibembelezwa kwa nyimbo. Yeye alilala kwa mlio wa nyundo, na nyundo ikinyamaza ndipo alipoamka akilia. Baba yake, Filonida, alikuwa mshika muhuri. Mzee alipofariki, Mnasea alikalia kigoda kile kile, mbele ya fuawe ile ile, akaendelea pale baba yake alipoachia.

Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja huketi. Huchukua kwa koleo kipande cha fedha kilichopashwa moto, hukilaza juu ya muhuri wa chini uliopachikwa kwenye fuawe, kisha husimamisha muhuri wa juu na kuushika kwa mkono wa kushoto. Mwingine husimama na nyundo. Huyo mpigaji haoni kitu kingine ila kichwa cha muhuri, kiduara kidogo cha chuma, na vidole vya mwenzake vilivyokizunguka. Akipiga sawasawa, sarafu imetoka. Akikosea kidogo tu, mwenzake hatashika tena muhuri maishani.

Kwa miaka mingi nyundo ilikuwa ya mdogo wake, Areto. Areto alikuwa na mabega mapana na mdomo usiotulia.

“Kaka, leo nimeamka na mkono mzito,” alizoea kusema akijinyoosha asubuhi. “Muage shemeji kabisa.”

“Ukinivunja vidole nitahamia kwako, unilishe mpaka nizeeke.”

“Uje peke yako au na mama?”

“Na mama.”

“Basi ngoja nipige vizuri.”

Mama yao, Nikaya, alikuwa akiyasikia hayo kutoka uani kwake, naye hurusha tusi moja juu ya ukuta, nao hucheka mpaka msimamizi wa karakana, mzee Hagesia, aje kuwakemea. Sarafu walizogonga wakati huo zilikuwa za Mesene yenyewe: uso wa Demetra, mungu wa mavuno, mwenye taji la masuke ya ngano, na upande wa pili mungu mkuu, Zeu wa Ithome, ameinua radi. Mnasea hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini uso ule wa Demetra aliupenda. Aliufahamu kwa kidole gumba kuliko kwa macho.

Kisha wakubwa wa Mesene wakaamua kujitoa katika Muungano wa Akaya, uliounganisha miji mingi jirani. Sababu zao zilikuwa nyingi, na zilisemwa kwa sauti kubwa sokoni. Mnasea alizisikiliza akarudi kazini. Areto alizisikiliza akaenda kuchukua mkuki wa baba yao uliotundikwa ukutani.

“Unakwenda kupigania nini?” Mnasea alimuuliza.

“Mji wetu ujiamulie mambo yake.”

“Na nani atapiga nyundo?”

“Nitarudi mavuno hayajaisha. Usimpe mtu nyundo yangu.”

Vita vile havikuwa virefu. Mwanzoni Wamesene walimkamata jemadari mkuu wa Muungano, mzee mwenye mvi, mzaliwa wa Megalopoli. Wakamtia shimoni, na humo akanyweshwa sumu. Wenye akili mjini waliposikia habari hiyo walishika vichwa. Jeshi la Muungano likarudi na hasira ambayo haikuwa ya vita tena. Lilichoma ngano mashambani mpaka moshi ukaingia vyumbani, na watu wa Mesene wenyewe wakafungua malango. Waliohukumiwa waliuawa. Mateka wengine walifungwa kamba, wakapelekwa Megalopoli kwenye maziko ya jemadari. Huko, kando ya kaburi lake, walipigwa mawe mpaka wakafa.

Habari kwamba Areto alikuwa miongoni mwao ililetwa na mchuuzi wa chumvi. Alisimama mlangoni akizungushazungusha kofia yake mikononi, akashindwa kumtazama bibi Nikaya. Mama hakupiga kelele. Alikaa chini, akachukua kisu cha kukatia uzi wa kufumia, akaanza kujikata nywele.

Mesene ikarudishwa katika Muungano. Na Muungano, kama ujuavyo, una sarafu moja, na safari hii Mesene haikuachiwa yake. Ukienda Sikioni, ukienda Aigio au Patra, utaikuta ile ile kwa ukubwa na kwa uzito: kichwa cha Zeu mbele, na nyuma herufi za Akaya zimeshikana ndani ya taji la majani. Kila mji huruhusiwa alama yake ndogo pembeni, kama punje ya ufuta, ili ijulikane kazi ni ya nani. Amri ikaja kwamba fedha ya zamani ikusanywe, iyeyushwe, igongwe upya. Na kwa kuwa mpiga nyundo wa Mesene amekufa, ataletwa mwingine kutoka Megalopoli.

“Wameshindwa kupata mtu wa mji mwingine wowote?” Mnasea alimwuliza Hagesia.

Hagesia alikuwa mtu mwema, ila aliogopa kila kitu, hata kivuli cha ng'ombe. “Wanasema yeye ni fundi hodari. Mnasea, nakuomba. Usinitafutie balaa.”

“Sitakaa chini ya nyundo ya mtu wa kule.”

Alikaa nyumbani mpaka unga ulipokwisha. Mkewe, Filista, hakumsukuma kwa maneno. Siku moja tu alileta mkate wa shayiri wenye pumba nyingi, akauweka mbele ya binti yao Tima, akamwambia, “Tafuna polepole, mama, ushibe.” Mnasea akautazama mkate ule, akaondoka, akaenda karakana.

Mtu mwenyewe aliitwa Thearida. Alikuwa mrefu, ndevu zake nyekundunyekundu kama kutu, na alikuja amejitanda ngozi ya mbuzi huku amebeba nyundo yake mwenyewe iliyofungwa kitambaani kama mtoto mchanga. Alisalimu. Mnasea hakuitika. Thearida akavua ngozi yake, akasimama mahali pa Areto.

Fedha ya kwanza iliyokuwa mezani ilikuwa ya Demetra. Mnasea alizitia sarafu mwenyewe ndani ya chungu cha kuyeyushia, akavukuta moto. Nyuso zilianza kuwa laini, masuke yakazama, pua zikazama, halafu pakawa na ziwa jeupe linalotetemeka.

Aliushika muhuri mpya kwa mara ya kwanza. Nyundo ikashuka. Ilishuka katikati kabisa, pigo moja, zito na safi, bila kuurusha muhuri. Mnasea alikuwa amekaa chini ya nyundo tangu ujana wake, akajua papo hapo kwamba mtu huyu ana mkono mzuri kuliko wa Areto. Kulijua jambo hilo kulimuuma zaidi ya yote.

Walifanya kazi kipupwe chote bila kuongea, ila “bado” na “haya”. Lakini watu wawili hawawezi kukaa kimya hivyo milele, hasa ikiwa vidole vya mmoja viko mikononi mwa mwingine. Siku moja koleo lilimponyoka Mnasea, kipande cha moto kikaangukia kwenye kiatu cha Thearida, naye akarukaruka kwa mguu mmoja akitoa maneno ambayo hayasemeki mbele ya wazee.

“Nilidhani nyinyi watu wa Arkadia, wala njugu za mwaloni, mna ngozi ya nguruwe,” alisema Mnasea.

Thearida akasimama na mguu wake juu. “Kumbe unazungumza! Na mimi nilidhani nyinyi mlizoea kupiga magoti, babu zenu wote wakiwa watumwa wa Sparta.”

“Afadhali mtumwa kuliko kushindania chakula na nguruwe porini.”

“Nguruwe wa kwetu ni wapole. Tunagawana.”

Mnasea akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kile kile alichokuwa akicheka na mdogo wake, mahali pale pale. Ng'ambo ya ukuta, kitanda cha kufumia cha mama yake kikanyamaza.

Jioni ile bibi Nikaya alimngoja mlangoni. “Nani aliyekuchekesha?”

“Hakuna, mama.”

“Mimi si kiziwi, Mnasea mwanangu. Cheka vizuri. Mdogo wako amelala ardhini kwao, wewe unacheka nao.”

Tangu hapo maneno yale hayakumtoka. Alikwenda kazini, alishika muhuri, na kila nyundo ilipoinuka alijiuliza mikono ya Thearida ilikuwa wapi siku Areto alipouawa. Mwishowe hakuweza tena. Asubuhi moja ya masika, makaa yakiwa bado hayajashika vizuri, alimwuliza bila kumtazama.

“Siku ya maziko ya jemadari wenu. Ulikuwepo?”

Thearida alikuwa akipaka mafuta mpini wa nyundo. Aliacha. “Megalopoli yote ilikuwepo.”

“Sikuulizi Megalopoli. Nakuuliza wewe.”

“Nilikuwepo.”

“Ulirusha?”

Mtu yule angeweza kusema hapana. Hakuna shahidi ambaye angetoka Megalopoli kuja kumsuta.

“Nilirusha,” alisema. “La kwanza halikumfikia mtu. La pili sijui. Watu walikuwa wanasukumana, kina mama wanalia, na yule mzee tulimpenda kama baba. Niliokota jiwe kwa sababu mtu wa kando yangu aliokota. Baadaye niliitwa pamoja na wengine kuchimba shimo. Nani wako alikuwa pale?”

“Mdogo wangu. Hapo unaposimama ndipo alipokuwa anasimama.”

Thearida akashusha macho kwenye sakafu, kwenye zile alama mbili za miguu zilizochongeka kwa miaka ya kusimama. Akatoka juu yake taratibu, kana kwamba amekanyaga mkeka wa mtu kwa viatu. Kisha akafanya jambo ambalo Mnasea hakulitegemea. Alizunguka fuawe, akamwambia, “Simama.”

“Nini?”

“Simama hapo. Nipishe kigoda.”

Akamtia nyundo mikononi, akaketi, akachukua kipande cha fedha kwa koleo, akakilaza, akasimamisha muhuri na kuuzungushia vidole vyake vinene vya mkono wa kushoto.

“Haya. Piga.”

“Toka hapo, wewe. Acha wazimu.”

“Fedha inapoa, Mmesene. Piga.”

Mnasea aliinua nyundo. Ilikuwa nzito kuliko alivyofikiri, na kutoka huko juu dunia ilionekana ndogo: chuma, na vidole vya mtu. Alimfikiria Areto na kamba mikononi. Alimfikiria pia mtu aliyekaa chini yake, aliyekuwa anatazama fuawe, si yeye, shingo yake nyekundu ikiwa wazi. Akapiga.

Muhuri uliteleza. Nyundo ikaangukia vidole viwili vya mwisho, na Thearida akatoa sauti kama mbwa aliyekanyagwa.

Hata alipokuwa mzee, mkewe alipokuwa akimwuliza kama alikusudia, Mnasea alijibu kwamba hajui. Hakuwa mpiga nyundo, mikono yake haikuzoea. Hilo lilikuwa kweli. Na lilikuwa kweli pia kwamba pale juu, kabla nyundo haijashuka, alitaka mtu yule aumie. Lipi kati ya hayo mawili ndilo lililousogeza mkono, hakuweza kulitenga na jingine, na hakuwahi kujidanganya kwamba ameweza.

Hagesia aliingia mbio, akaona damu. “Nani? Nani amefanya? Wataniua mimi!”

“Nimejisogeza mwenyewe, mzee,” alisema Thearida, uso umemsawijika. “Nilitaka kumfundisha kupiga. Kosa langu.”

Sarafu iliyokuwa kwenye fuawe ilitoka na Zeu mwenye pua mbili. Mnasea aliitupa chunguni ikayeyuke, akamshika Thearida kwapani, akampeleka nyumbani kwake, kwa kuwa hapakuwa na nyumba nyingine iliyo karibu.

Filista aliwaona wakiingia, akaelewa haraka kuliko wote wawili. Alileta siki, asali, vitambaa na vijiti vya mzeituni.

“Wewe ndiye mla njugu?”

“Ndimi, shemeji.”

“Mimi si shemeji yako. Lete mkono.” Alipokuwa anaunyoosha mfupa Thearida aliuma ngozi yake ya mbuzi asilie. “Mwanamume mzima huyu,” alisema Filista, bila ukali sasa. “Baba Tima, mshike bega. Anataka kuanguka.”

Bibi Nikaya alikuwa uani, kwenye kitanda chake cha kufumia. Alimwona mgeni, akamjua ni nani. Akainuka, akakigeuza kigoda chake, akaendelea kufuma akiwa amewapa mgongo.

Vidole vilipona, lakini viliunga vibaya, vikabaki vimejikunja kama makucha ya ndege. Bahati nyundo huongozwa na mkono wa kulia. Thearida alirudi kazini wakati wa tini, Mnasea akaketi kigodani na kuushika muhuri kama zamani. Pigo la kwanza lilipokuwa linashuka aliufumba mdomo akingoja malipo ya vile vidole. Nyundo ilishuka katikati kabisa.

Siku hiyo walipokuwa wanazima moto Thearida alisema, “Mahali walipozikwa nakujua. Ukitaka kwenda, nitakupeleka.”

Walikwenda baada ya mavuno ya zabibu, kwa miguu, wakipanda kipito cha milimani kinachotenganisha nchi hizi mbili, na walilala kwenye zizi la mchungaji aliyekuwa na wasiwasi nao wote wawili. Njiani walizungumza mambo ya kawaida: jinsi ya kukausha nyama, wake za watu, kwa nini makaa ya Arkadia ni bora. Kisha wakauona mji wa Megalopoli kwa mbali, na mto wake ukimetameta.

Hapakuwa na kaburi. Palikuwa na shamba kando ya barabara, limevunwa, mabua ya shayiri yamesimama, na kwenye pembe moja ardhi ilikuwa imebonyea kidogo. Mwenye shamba alikuwa amelima mpaka ukingoni mwa hilo bonde dogo, akaliacha. Kando yake, kama wafanyavyo wakulima wote, alikuwa amerundika mawe aliyoyatoa shambani.

Mnasea alikuwa amekuja na mfuko wa kitani wa kubebea mifupa. Alipoona ukubwa wa mahali pale aliukunja, akaurudisha kifuani. Hakuna ndugu awezaye kumjua wake ndani ya shimo la namna hiyo. Alimimina ardhini maziwa na asali, sadaka ya wafu, kisha divai. Halafu aliokota jiwe moja kutoka kwenye lile rundo. Lilikuwa na uzito wa mkate. Alilipimapima mkononi kwa muda, kama alivyokuwa akipima fedha, akalirudisha alipolitoa, polepole, lisigongane na mengine.

Thearida alikuwa amebaki barabarani. Mnasea akamwita.

“Njoo huku.”

“Mimi si ndugu yake.”

“Njoo. Hujui hata jina lake.”

Akaja, kichwa wazi.

“Anaitwa Areto, mwana wa Filonida. Sema.”

“Areto, mwana wa Filonida,” alisema Thearida.

“Tena. Kwa sauti, asikie.”

Akasema tena, na mara ya tatu sauti ikamkatika katikati ya jina la baba. Mkulima mmoja aliyekuwa akipita na punda aliwatazama, akaharakisha mwendo.

Mnasea aliporudi nyumbani, mama yake aliacha kufuma. “Umemwona?”

“Nimepaona mahali, mama.”

“Pakoje?”

“Ni shamba. Wanalima shayiri.”

“Shayiri inakubali?”

“Inakubali. Mabua marefu.”

“Haya,” alisema bibi Nikaya, akaushika uzi wake, akautafuta mwisho wake kwa muda mrefu, kwa kuwa macho yalikuwa yamejaa.

Miaka ikapita juu ya fuawe ile. Fedha iliyotoka mikononi mwao ilienda isikojulikana, ikachanganyika na ya miji mingine, na aliyeishika Aigio au Argo hakujali imegongwa na nani. Thearida alioa mjane wa Mesene, akawa na nyumba karibu na chemchemi. Tima alipoolewa, Thearida alicheza ngoma vibaya kuliko wageni wote. Filista alimwita shemeji bila kujua ilianza lini. Mama hakumsemesha hata siku moja. Kila alipopita uani alimsalimu, “Shikamoo, mama,” na kila mara bibi Nikaya aliendelea na uzi wake.

Bibi Nikaya alipofariki, mzee sana, wanaume walikusanyika kubeba jeneza. Thearida alimvuta Mnasea pembeni.

“Niruhusu nishike upande mmoja. Hata kwa nyuma.”

Mnasea alimtazama. Hakuwa na rafiki aliyekuwa karibu naye kuliko huyu. Alitamani kusema ndiyo, na neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mama alikuwa amelala pale, mdomo umefungwa kwa kitambaa, hawezi tena kujisemea.

“Hapana, ndugu yangu,” alisema. “Yeye hakutaka.”

“Sawa,” alisema Thearida. Hakukasirika. Alikwenda kusimama kando ya barabara nje ya lango, pamoja na wapita njia, akavua kofia, akabaki hapo mpaka msafara ulipopotea kwenye miti ya makaburini.

Mnasea alirudi karakana maombolezo yalipokwisha, nywele zake zimekatwa. Thearida alikuwa ameshawasha makaa.

“Umekula?”

“Sijala.”

Thearida alitoa jibini kwenye mkoba, akaikata kwa kisu, akamsogezea kipande kikubwa juu ya mkate. Walikula wameketi kizingitini, miguu juani. Fedha ilipokuwa tayari, waliinuka wote wawili, kila mmoja akaenda mahali pake.